Maua Niliyoambiwa Niyaache

Mtaa wetu una midomo. Wanasema mke wangu ameniacha kwa sababu ya maua. Wanalisema dukani, wanalisema kwa kinyozi, na mmoja alithubutu kunitania mbele ya mafundi wenzangu: "Mzee Timazi, umeshindwa na majani?" Nilimwambia achunge ulimi wake. Akacheka, wote wakacheka. Mimi nikaendelea kupiga plasta, na plasta ile ilibidi ibomolewe kesho yake kwa sababu ilipinda, jambo ambalo halijanitokea tangu nianze kazi.

Basi nitasimulia mwenyewe, maana ya jirani huongezwa chumvi.

Mimi ni fundi mwashi. Timazi ni jina la kazini. Ni kile chuma kinachoning'inizwa kwa uzi kuonyesha kama ukuta umenyooka. Wanasema jicho langu halihitaji uzi. Mke wangu ni fundi cherehani. Nyumba ya mafundi wawili, na tangu tuoane tulikuwa tunaitana hivyo hivyo. "Fundi, chai tayari." "Asante, Fundi." Miaka thelathini na minne. Watoto watatu, wote wameshatoka nyumbani. Sikuwahi kumpiga, sikuwahi kulala nje, sikuwahi kurudi nimelewa. Nyumba nimeijenga kwa mikono hii. Mwanamume afanye nini tena? Hilo ndilo lililokuwa swali langu, na nilikuwa naliuliza kwa sauti kubwa.

Mambo yalianzia uwanja wa nyuma. Kulikuwa na tope. Kila masika mke wangu ni kulalamika: Fundi, tope, Fundi, wateja wanaingia na viatu vichafu, nguo za watu zinaharibika. Na haki ya kulalamika alikuwa nayo. Basi alipokwenda kumuuguza dada yake, wiki tatu nzima, nikasema ngoja nimfurahishe. Nikaleta kokoto, nikaleta saruji, nikakoroga zege na kulimwaga uwanja wote, kuanzia mlango wa jikoni mpaka ukuta wa jirani. Nikaupa mteremko mdogo kuelekea mfereji, nikapiga niru, ule uji wa saruji tupu, mpaka ukang'aa. Siku saba nililimwagilia maji, asubuhi na jioni, nikalifunika kwa magunia yaliyolowa, maana zege usipolinywesha linapasuka. Ilikuwa kazi ya kuonyesha wageni.

Akarudi. Alisimama mlango wa jikoni, begi bado liko begani. Nilikuwa nimeegemea ukuta nasubiri sifa zangu.

"Na maua yangu?" akauliza.

"Maua yapi?" nikasema.

Haki ya Mungu, sikusema kwa ubaya. Niliuliza kwa sababu sikukumbuka. Baadaye ndiyo nikakumbuka kwamba pembeni, chini ya ukuta, palikuwa na vitu vyake vinatambaa kwenye mchanga. Nilikuwa navikwepa nikienda kuoga. Na sasa vilikuwa chini ya zege la inchi nne.

Nieleze kidogo juu ya maua hayo, maana hapo ndipo watu wanapochanganya. Mke wangu kwao ni ufukweni. Huko kulikuwa na vilima vya mchanga juu ya pale maji yanapoishia, na maua hayo yalikuwa yakiota yenyewe, hakuna aliyeyapanda wala aliyeyatunza. Hata jina la maana hayakuwa nalo. Waliyaita maua ya mchangani, basi. Alicheza nayo utotoni. Sasa huko hakuna vilima. Kuna ukuta wa mawe wa kuzuia bahari, utembee nusu saa hujaona mwisho wake, na nyuma yake barabara yenye taa. Ukuta huo tuliujenga mafundi arobaini na mimi nikiwa mmoja wao. Kazi ni kazi. Tena mimi ndiye niliyemwambia, wiki moja kabla ya malori kufika, kama una kitu huko kwenu kakichukue. Akaenda, akarudi na mbegu ndani ya kikopo cha vifungo, na mfuko wa mchanga. Mimi ndiye niliyemwambia! Hilo hakuna anayelitaja.

Siku ile ya zege hakulia. Alivua viatu, akapika, tukala. Asubuhi nikakuta patasi yangu na nyundo yangu havipo kwenye kapu. Nikamkuta nyuma, amechuchumaa, anapasua zege langu.

"Unafanya nini?"

"Natoboa."

"Lete nikusaidie, utajiumiza."

"Wewe usiguse."

Ilimchukua siku nne. Alishika patasi vibaya, kama mtu anayekoroga uji, na kila pigo lilikuwa linaniuma mimi. Alitoboa shimo la ukubwa wa mlango. Akaleta mchanga wa kwao, sijui alimtuma nani, magunia matatu, akaujaza humo. Kwenye kikopo cha vifungo zilikuwa zimebaki mbegu chache, hazifiki kumi na tano. Akazifukia. Zikaota. Akahamisha cherehani kutoka sebuleni akaiweka kwenye dirisha linalotazama nyuma, akawa anashona huku anatazama shimo. Mimi nikatania: "Fundi, siku hizi una mume mwenza huko nje." Hakucheka. Miaka miwili ikapita hivyo, chai tayari, asante, lakini neno Fundi lilikuwa limepungua mdomoni mwake. Sikulitilia maanani. Nilikuwa na kazi tatu kwa mpigo mwaka ule.

Kisha binti yetu mkubwa akajifungua. Anakaa mbali, safari ya basi ya siku nzima. Mke wangu akafunga mizigo kwenda kumsaidia. Asubuhi ya kuondoka alinishika mkono, kitu ambacho hakuwa amekifanya muda mrefu, akanipeleka mpaka kwenye shimo.

"Nisikilize. Haya usiyafanye kitu. Umesikia? Usimwagilie, usitie kitu. Kiangazi yatakauka, utadhani yamekufa. Yaache. Mbegu zinadondoka hapo hapo mchangani zinangoja mvua. Mvua ya Mungu inatosha. Kazi yako ni kuyaacha tu."

"Ndiyo, ndiyo," nikasema. "Nimesikia." Simu yangu ilikuwa inaita; ni mtu wa kokoto.

Mwezi wa kwanza, salama. Wa pili, salama. Wa nne nikaanza kuuliza, vipi, mtoto bado hajakua? Wa tano nikampigia binti yangu moja kwa moja.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mama yako anarudi lini?"

Nikasikia mlango unafungwa, ametoka nje ili asisikike. "Baba, mama hasemi kurudi. Anasema huku anapumzika."

"Anapumzika nini? Kwangu alikuwa anabeba mawe?"

"Baba, mimi simo. Ongea naye mwenyewe."

Akampa simu. Nilipandisha sauti, nakiri. Nikamkumbusha nyumba, nikamkumbusha miaka, nikamwambia watu wanauliza. Aliniacha nikamaliza. Mwanamke huyu ana tabia hiyo, anakuacha umalize halafu maneno yako yote yanaonekana ya kipuuzi.

"Nitakuja mvua zikikatika," akasema. "Ndiyo majira yake ya kuchanua. Nikiyakuta, nitajua kwamba kuna jambo moja nikikuomba unalisikia. Nitarudi, tuzeeke. Nisipoyakuta, nitachukua cherehani yangu."

"Yaani ndoa nzima umeitundika kwenye maua?"

"Nimechoka kusema, mume wangu. Sasa nataka kuona."

Nilikata simu nikaenda nyuma mbio. Nilikuta vijiti. Haki ya nani, vijiti vikavu vya rangi ya majivu, vimelala juu ya mchanga, ukivigusa vinavunjika. Nilijua aliniambia jambo kuhusu maji. Nimwagilie au nisimwagilie, moja kati ya hayo mawili. Nilisimama pale nikijaribu kukumbuka, na kitu pekee kilichonijia kichwani ilikuwa bei ya kokoto siku ile.

Utaniuliza, si ungempigia tu umuulize? Ningempigia nimwambie nini? Kwamba alinishika mkono akanipeleka mpaka pale, akanieleza neno kwa neno, na mimi sikusikia? Hilo ndilo hasa alilokuwa analitafuta! Ningekuwa nimejipeleka mwenyewe machinjioni na kamba shingoni. Nikasema hapana. Nitayafufua, atakuta yamenawiri, na hatajua kitu.

Nikaenda kwa muuza miche pale barabarani. Nikamwambia nina maua yanakufa. Hakuniuliza maua gani wala yako wapi.

"Mzee, mmea ni mmea," akasema. "Unataka maji, unataka chakula. Udongo wako ukoje?"

"Mchanga mtupu. Tena wa baharini."

"Ee! Si unayaua kwa chumvi! Toa huo mchanga wote. Tia udongo mweusi, tia samadi hii, umwagilie asubuhi na jioni."

Yalikuwa maneno ya kazi, yanaeleweka. Hata mimi najua mchanga wa chumvi haufai. Ukiupigia plasta baada ya mwaka ukuta unatoa jasho. Nikabeba magunia manne ya samadi kwa mkokoteni. Nikachota mchanga wote wa mke wangu kwenye shimo, koleo kwa koleo, mpaka nikafika udongo wa chini. Na mimi situpi mchanga, fundi hatupi mchanga. Mbele ya geti letu kulikuwa na shimo barabarani linalovunja magari ya watu. Nikaufukia humo, nikaushindilia vizuri. Madereva wakawa wananipungia mkono.

Jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta, mama mmoja tunayemwita Mama Kuku kwa sababu ya biashara yake, alichungulia akaniona na ndoo.

"Fundi! Hayo si ya kumwagilia. Mwenyewe alikuwa hayamwagilii."

"Mama, wewe shughulika na kuku wako."

"Mimi nasema tu."

"Basi umeshasema."

Hakuchungulia tena.

Nilifanya kazi ile kama ninavyofanya kazi zote, yaani vizuri. Asubuhi kabla ya kutoka, ndoo mbili. Jioni nikirudi, hata kama mgongo unaniua, ndoo mbili. Jua lilipokuwa kali nilitandika magunia yaliyolowa juu ya udongo, kama zege. Nilizungushia shimo tofali moja moja, nikazipiga plasta, nikazipaka chokaa, pembe zote nne zimenyooka ukipima. Wiki ya pili, kitu cha kijani. Nilipiga kelele peke yangu pale nyuma! Wiki ya nne yalikuwa kifundoni. Mvua zikaja, yakafika gotini, majani mapana, mashina manene, yamesongamana hata kidole hakipiti. Sijawahi kuona kitu kinanitii namna ile.

Nilikuwa nayapalilia pia, msidhani sikujua kupalilia. Kulikuwa na kijimmea kimoja kinatambaa pembeni, kwenye ufa kati ya tofali zangu na zege, majani madogo manene, kimenyauka, kinajikokota kuelekea kwenye zege utadhani kinatoroka. Nikaking'oa nikakitupa chini ya ukuta. Baada ya wiki kikatokea kingine hapo hapo. Nikaking'oa nacho.

Nikampigia. "Yananawiri," nikasema.

"Kweli?"

"Njoo uone mwenyewe. Kijani tupu."

"Hukuyafanya kitu?"

"Niyafanye nini mimi?" nikasema.

Nikasikia anapumua. Kisha akasema, kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau, "Asante, Fundi." Nililala usiku ule kama mtoto. Nikapaka rangi jikoni. Nikatengeneza kitasa cha mlango wa chumbani kilichokuwa kimekwama miaka sita. Pale kazini wakaniuliza, mzee, umeoa tena? Nikawaambia ndiyo, namwoa yule yule.

Alikuja siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa basi la usiku. Niliomba ruhusa kazini, nikanyoa, nikavaa shati la pasi. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza. Nikampokea begi, nikamwambia chai ipo, akasema chai baadaye. Akapita moja kwa moja mpaka nyuma. Mimi nyuma yake natabasamu kama bwana harusi.

Alisimama mbele ya zile tofali nyeupe.

"Haya," nikasema. "Hiyo ndiyo kazi. Yamechelewa kidogo kuchanua, lakini si unaona afya?"

Akachuchumaa. Akachuma jani moja, akalisugua kwa vidole, akalinusa. Akalitazama la pili. Akaingiza mkono katikati akayapasua huku na huku, akitafuta chini.

"Haya ni nini?"

"Maua yako."

"Haya ni magugu," akasema. Hakupandisha sauti. "Haya yanaota zizini. Yametoka kwenye samadi."

"Magugu vipi? Yameota hapo hapo, kwenye shimo lako, mimi mwenyewe nimeya..."

"Mchanga wangu uko wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole upande wa geti. "Kwenye lile shimo la barabarani. Ulikuwa na chumvi."

"Ndiyo," akasema. "Ulikuwa na chumvi. Na mbegu zilikuwa humo."

Lori la maji lilikuwa linapita wakati ule ule, tukalisikia linavyolipita shimo langu bila kuruka. Yeye akainuka, akawa anatembea pembeni mwa ukuta akitazama chini, kama mtu aliyeangusha sindano. Akainama akaokota. Ni kile kijimmea changu cha kutambaa, kimekauka, mizizi juu.

"Na hili?"

"Hilo ndilo gugu. Nililing'oa."

Alilishika kwenye kiganja. Lilivunjika lenyewe. Akaendelea kulishika hivyo hivyo, vipande vipande, na hapo ndipo nilipoelewa, na nilipoelewa nikakasirika, kwa sababu nikielewa jambo kwa kuchelewa hukasirika, ndivyo nilivyo.

"Miezi mitatu!" nikasema. "Miezi mitatu nabeba maji asubuhi na jioni! Mgongo huu! Nimenunua samadi, nimejenga tofali, nimepaka chokaa! Nitajie mwanamume mwingine mtaa huu anayemfanyia mkewe hivyo! Mmoja tu!"

"Nilikuomba ufanye nini?"

Nikageuka kutazama ndoo zangu.

"Nakuuliza, Fundi. Nilikuomba ufanye nini?"

"Nisifanye kitu."

"Basi."

Nikaona anageukia mlango. Nikamshika mkono, nikasahau ukali wote. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia bahari ni kubwa, ukuta ule haukumaliza pwani yote, lazima kuna mahali yamebaki. Kesho naacha kazi, napanda basi, nitatembea ufukweni mwezi mzima kwa miguu mpaka niyapate, nitakuletea mbegu gunia zima. Na nilikuwa nasema kweli. Ningekwenda.

Alinitazama. Nadhani alitaka kuniamini, nadhani kabisa, kwa sababu uso wake ulilegea.

"Utayajuaje ukiyaona?" akauliza.

"Nitayajua tu! Maua ya mke wangu nisiyajue?"

"Niambie rangi yake," akasema. "Rangi tu. Ukiitaja, silali kwa binti tena, nalala hapa leo."

Jamani. Mimi nakumbuka kila nyumba niliyojenga ina tofali ngapi. Nakumbuka ni mwaka gani tulichanganya saruji moja kwa mchanga sita tukaja kujuta. Nikatafuta kichwani. Nikaona dirisha, nikamwona yeye na cherehani, nikaona zege, nikaliona lile shimo na kila alama ya patasi kwenye kingo zake. Ndani ya shimo sikuona kitu. Asubuhi nilikuwa natoka hayajafunguka, jioni narudi yameshajifunga. Hilo nimelijua baadaye. Na Jumapili? Jumapili nilikuwa nalala.

Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wangu.

"Meupe," nikasema.

Hakusema siyo. Alitikisa kichwa kidogo, juu chini, kama anavyomfanyia mteja aliyemtajia kipimo ambacho anajua si chake. Akaenda ndani. Nikamsikia anahangaika na skrubu za cherehani, zimeshika kutu, na nikaingia nikamfungulia mimi, maana angeikwaruza meza. Niliifunga kwa kamba vizuri, mafundo mawili kila pembe. Teksi ikaja. Dereva akauliza kama mzee naye anasafiri, mke wangu akamjibu hapana, mzee ana kazi.

Nilimpigia binti jioni ile. Nikamuuliza, kwa njia ya kuzunguka, yale maua ya mama yako yalikuwa ya rangi gani hasa? Akaniambia, "Baba, mimi simo," na sauti yake haikuwa ya utani.

Nilikaa nalo siku tisa. Siku ya kumi likanishinda. Nikaenda kwenye ukuta wa jirani, nikapanda juu ya tofali zangu nyeupe. Mama Kuku alikuwa anamwaga pumba.

"Mama, habari za leo."

"Nzuri, Fundi." Hakugeuka. Alikuwa hajasahau.

"Hivi, yale maua ya mwenzangu. Yalikuwa na rangi gani vile?"

Sasa akageuka. Alinitazama kama anatafuta mzaha ulipo. "Ya manjano," akasema. "Manjano, na katikati pana doa jekundu. Si ndiyo rangi ya mapazia yenu ya sebuleni? Mwenyewe alizunguka maduka wiki nzima, ua amelifunga kwenye leso, akitafuta kitambaa cha kufanana. Hukujua?"

"Nilijua," nikasema. "Nilikuwa nakupima tu."

Nikashuka nikaingia sebuleni. Mapazia yapo, hakuyachukua. Ni ya manjano. Chini yamezungushiwa ukingo mwekundu, mwembamba, umeshonwa kwa mkono. Yako hapo miaka tisa, na kila jioni ninaporudi kazini mimi ndiye ninayeyafunga. Nilishikwa na hasira na mwanamke yule, hasira ya kweli, kwamba kitu kama hicho alishindwaje kuniambia. Nikakaa kwenye kochi. Kisha nikafikiri huenda aliniambia.